Jina Lisilozikwa: Mzozo wa Umiliki wa Jina "Commodore" na Tatizo la Kiashiria Kilichopoteza Kiashiriwa

Utangulizi

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki jina la mtu haliingii kaburini pamoja naye. Wagikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na Waswahili wa pwani wana maneno mawili, somo na wajina, ya kuwataja watu wanaoshiriki jina moja, jambo linaloonyesha kwamba kushiriki jina huonwa kuwa uhusiano wenye uzito wake. Utaratibu huu haugombaniwi sana kwa sababu mwenye mamlaka ya kulitoa jina anajulikana. Ukoo ndio unaolihifadhi, na ukoo ndio unaoamua ni nani atakayeitwa kwalo.

Mambo hubadilika jina linapokuwa la bidhaa. Kampuni hufilisika, mitambo yake ikauzwa kwa mnada, wafanyakazi wakatawanyika, na bado jina likabaki vinywani mwa watu waliowahi kuinunua bidhaa hiyo. Nani basi ni ukoo wa jina hilo? Ni yule aliyelinunua kutoka kwa mfilisi? Ni yule wa kwanza kulisajili upya baada ya kuona halitumiki? Ama ni wale walioendelea kulitaja wakati ambapo hakuna aliyelitaka?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuata historia ya jina moja, Commodore, lililobandikwa kwenye tarakilishi za nyumbani kuanzia mwaka 1977 na ambalo tangu mwaka 1994 limepita katika mikono mingi kiasi cha kumchosha anayeifuata orodha yake. Majina mengine ya tarakilishi, kama vile Amiga, Atari na Acorn, yatatajwa pale yanapotoa mwanga. Huenda mwanafunzi wa Kiswahili akajiuliza mambo ya viwandani Marekani na Uholanzi yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu kesi hizi, zikivuliwa joho la sheria, ni kesi za semantiki. Hakimu huulizwa neno fulani linamaanisha nini, kwa nani, na tangu lini lilikoma kumaanisha.

Suala la istilahi

Kabla ya kuendelea ni vyema kutenganisha istilahi tatu ambazo hata magazeti yetu huzichanganya. Hakimiliki hulinda kazi iliyotungwa: riwaya, wimbo, au programu ya tarakilishi. Hataza hulinda uvumbuzi, yaani namna kifaa kinavyofanya kazi. Alama ya biashara hulinda jina au mchoro unaomwezesha mnunuzi kutambua bidhaa imetoka kwa nani. Hakimiliki na hataza huwa na mwisho uliowekwa na sheria. Alama ya biashara inaweza kuishi milele, ila kwa sharti moja: iwe inatumika.

Neno chapa, linalopendwa na wafanyabiashara, lina uwezo wa kuibua taswira ambao istilahi alama ya biashara haina. Mwenye ng'ombe huwachapa alama ya moto ili waliopotea warudishwe kwake. Chapa humwelekeza mtazamaji kwa mwenye mali. Kuna pia neno nemsi, ambalo vijana wengi hawalitumii tena, lenye maana ya sifa njema ambayo mtu au duka limejijengea. Wanasheria wa alama za biashara hushikilia kwamba kinacholindwa hasa ni nemsi, na kwamba jina ni chombo tu cha kuibebea. Ndiyo maana sheria ya Marekani hukataa kutambua mauziano ya jina lililotengwa kabisa na nemsi yake. Jina tupu haliuziki, kinadharia.

Kinadharia, kwa kuwa historia ya Commodore ni historia ya jina tupu lililouzika tena na tena.

Sharti la matumizi nalo hupimwa kwa miaka. Nchini Marekani, chini ya Sheria ya Lanham ya mwaka 1946 kama ilivyorekebishwa, jina lisilotumika kwa miaka 3 mfululizo huchukuliwa kuwa limetelekezwa, mpaka mwenyewe athibitishe kwamba alikuwa na nia ya kulirejelea. Umoja wa Ulaya hutoa miaka 5. Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, Sura ya 506, hutumia pia kipimo cha miaka 5. Lakini miaka pekee haitoshi. Suala la nia lipo daima, na nia ni jambo la moyoni. Mwaka 1993 kampuni ya Commodore yenyewe ilipinga ombi la kampuni moja ya Kijapani lililohusu herufi CBM. Katika shauri hilo bodi ya Marekani inayosikiliza mashauri ya usajili ilieleza kwamba mwombaji asiye na hati hata moja ya kuonyesha mipango yake anaweza kuhesabiwa kuwa hana nia ya kweli ya kulitumia jina. Uamuzi huo hunukuliwa hadi leo. Mwaka mmoja baadaye Commodore haikuwa na mipango wala pesa.

Safari ya jina

Jack Tramiel, mzaliwa wa Łódź nchini Poland na mmoja wa walionusurika Auschwitz, alifika Marekani mwaka 1947 na baadaye akaanzisha biashara ya taipureta. Jina Commodore ni cheo cha afisa wa jeshi la majini. Masimulizi maarufu yanadai kwamba Tramiel alitaka cheo cha kijeshi, akakuta Jenerali na Admeri vimeshachukuliwa, kisha akiwa Berlin akaona gari aina ya Opel Commodore. Ni kisa kitamu, lakini gari hilo lilianza kutengenezwa mwaka 1967, zaidi ya miaka 10 baada ya kampuni kupata jina lake. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangaa: jina likishapata umaarufu hudai ngano ya asili yake, na ngano haijali kalenda.

Kampuni ilitoka kwenye taipureta ikaingia kwenye vikokotoo, kisha mwaka 1977 ikatoa tarakilishi iitwayo PET. Commodore 64 ilitolewa mwaka 1982 kwa bei ya dola 595. Makadirio ya idadi iliyouzwa huanzia milioni 12 na kupanda hadi milioni 17, na hutajwa kuwa tarakilishi ya aina moja iliyouzwa zaidi ya nyingine yoyote. Ilichomekwa kwenye runinga ya nyumbani, na kizazi kizima cha vijana wa Ulaya na Marekani kilijifunzia kuandika programu humo. Hapa ndipo nemsi ilipochotwa. Yote yaliyofuata ni kuteka maji kutoka kisima hicho kimoja.

Tramiel aliondoka Januari 1984 baada ya kutoelewana na wakuu wenzake, na katikati ya mwaka huo huo akanunua kitengo cha tarakilishi cha Atari, mshindani wake wa jana. Commodore nayo ikainunua kampuni changa ya Amiga, na mwaka 1985 ikaizindua tarakilishi ya Amiga jijini New York, mchoraji Andy Warhol akiwa jukwaani. Miaka 9 baadaye, tarehe 29 Aprili 1994, Commodore ilitangaza kufilisika.

Mali yake ilinunuliwa mwaka 1995 na Escom ya Ujerumani kwa kiasi ambacho taarifa hutofautiana, kati ya dola milioni 10 na 14. Escom ilifanya jambo ambalo pengine ndilo kiini cha mzozo wote: iliwatenganisha mapacha. Jina Commodore lilibandikwa kwenye tarakilishi za kawaida zisizo na uhusiano wowote na zile za awali, na Amiga ikapewa kampuni tanzu yake. Escom yenyewe ilifilisika mwaka 1996. Mwaka 1997 jina Commodore lilikwenda kwa Tulip ya Uholanzi, na Amiga ikaenda kwa Gateway 2000 ya Marekani. Gateway ilipouza Amiga miaka michache baadaye, ilibaki na hataza. Kwa hiyo kufikia mwaka 2000 mwili ule mmoja ulikuwa umekatwa vipande: jina kwa huyu, hakimiliki za programu kwa yule, hataza kwa wa tatu. Kila mmoja alikuwa na hati halali, na hakuna aliyekuwa na tarakilishi.

Mwishoni mwa 2004 Tulip ilikubali kuliuza jina kwa kampuni iliyoitwa Yeahronimo Media Ventures kwa yuro milioni 22. Kiasi hicho kinafaa kutafakariwa. Kampuni nzima, pamoja na mitambo na hataza, iligharimu dola milioni kumi na kitu mwaka 1995. Miaka 10 baadaye jina peke yake liligharimu zaidi. Yeahronimo ilijivua jina lake na kujiita Commodore International Corporation. Atari ilipitia mkondo uo huo. Hasbro iliinunua mwaka 1998 kwa dola milioni 5, kisha ikaingia mikononi mwa Infogrames ya Ufaransa, ambayo mwaka 2009 iliacha jina lake na kujiita Atari SA. Mnunuzi alimezwa na alichokinunua. (Atari, kwa wasiojua, ni neno la Kijapani linalotumika katika mchezo wa go pale kete zinapokaribia kutekwa.)

Kuanzia hapo hati za Commodore zilipita katika kampuni moja hadi nyingine, nyingi zikiwa zimesajiliwa Uholanzi, hadi pande mbili zilipojitangaza kuwa wamiliki kwa wakati mmoja: Asiarim na C=Holdings. Shauri lilifika katika mahakama ya shirikisho ya wilaya ya kusini ya New York, ambayo Desemba 2013 iliamua kwamba mmiliki ni C=Holdings. Wakati mashauri hayo yakiendelea, kampuni nyingine ya Florida, Commodore USA, ilikuwa mwaka 2011 imetoa tarakilishi yenye umbo la nje la Commodore 64 na matumbo ya kisasa ya Intel. Mwanzilishi wake alifariki mwaka 2012 na kampuni ikatoweka. Mwaka 2015 wafanyabiashara wa Kiitaliano walitangaza rununu iitwayo Commodore PET. Rununu hiyo na tarakilishi ile ya mwaka 1977 havikuwa na cha kushiriki ila herufi.

Msukule

Waandishi wa sheria wa Kimarekani huyaita majina ya namna hii kwa neno linalomaanisha maiti anayetembea. Kiswahili, hasa cha Tanzania, kina dhana iliyo sahihi zaidi: msukule. Katika imani hiyo mtu hudhaniwa amekufa, jamaa wakalia na kuzika, kumbe kilichozikwa ni mgomba. Mwenyewe amefichwa na mchawi anayemtumikisha shambani usiku, hali hana sauti wala kumbukumbu. Tofauti kati ya maiti anayetembea na msukule ni kwamba msukule ana bwana. Hatembei ovyo. Analima, na mavuno huenda kwa mwingine.

Commodore ya mwaka 2005, au ile ya rununu ya mwaka 2015, ilikuwa msukule kwa maana hii. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alieleza kwamba ishara ya lugha huundwa na kiashiria na kiashiriwa, na kwamba hakuna sababu ya kimaumbile inayokiunganisha kimoja na kingine. Mfanyabiashara anaweza kudai kwamba nadharia hiyo inamruhusu: ikiwa uhusiano ni wa nasibu, kosa liko wapi kukitia kiashiria kwenye kiashiriwa kipya? Lakini Saussure alisema pia kwamba uhusiano huo, ukishakubalika na jamii, mtu mmoja hawezi kuubadilisha kwa matakwa yake. Mnunuzi wa jina Commodore hakununua sauti na herufi. Sauti na herufi angezipata bure kwa kubuni neno jipya. Alinunua kumbukumbu za watu ambao hawakuulizwa, na akatarajia zifanye kazi ile ile kwenye kitu kingine.

Huu ndio udhaifu wa hoja ya nemsi inapohamishwa kutoka kwa mfilisi. Nemsi huishi kwa wateja, haikai ghalani. Mfilisi anaweza kukabidhi funguo za ghala, lakini imani ya watu waliotumia Commodore 64 haikuwa kwenye orodha ya mali alizokabidhiwa. Mahakama zinalijua jambo hili kwa nadharia na kulipita kwa vitendo, kwani mbadala wake ni kuliacha jina barabarani liokotwe na yeyote.

Na waokotaji wapo. Kampuni moja ya Ufaransa, Aristide & Co., ilijipa jina linaloweza kufasiriwa kuwa muuza vikale vya majina ya kibiashara. Kazi yake ilikuwa kusajili majina yaliyoachwa. Ndiyo iliyokuwa na jina Acorn, lililowahi kuwa la kampuni ya tarakilishi ya Cambridge nchini Uingereza, na mwaka 2006 ililikodisha kwa kampuni mpya ya Nottingham ambayo haikuwa na uhusiano na ile ya zamani. Kampuni hiyo mpya nayo ilifutwa mwaka 2009. Aristide ilijaribu vilevile kusajili Marekani jina LaSalle, ambalo General Motors ililiacha kulitumia kwenye magari mapya mwaka 1940. General Motors ilipinga, ikidai jina hilo bado lina nemsi kwa wapenzi wa magari ya kale. Mwaka 2008 bodi ya usajili ilikataa pingamizi hilo: jina lilikuwa limetelekezwa. Wapenzi kukumbuka hakukutosha. Kumbukumbu, machoni pa bodi, si matumizi.

Uamuzi huo una mantiki yake, na makala haya hayaupingi kuhusu General Motors. Jitu lenye uwezo wa kuunda gari jipya wakati wowote halina sababu ya kulalamika. Tatizo ni kwamba kanuni iyo hiyo huwaacha nje watu ambao kumbukumbu yao ndiyo mali pekee inayogombaniwa.

Walioendelea kulitaja

Baada ya mwaka 1994 Commodore 64 haikunyamaza. Wakereketwa waliendelea kuandika programu na kutunga muziki kwa kutumia chipu yake ya sauti, wakatengeneza vipuri na kuchapisha majarida. Mwaka 2004 mhandisi Jeri Ellsworth aliibana tarakilishi nzima ndani ya kishikio cha michezo chenye michezo 30, kikauzwa kwa leseni ya Tulip. Hiki kilikuwa kisa cha nadra ambapo jina lilirudi kwenye mwili wake.

Kinyume chake kilitokea mwaka 2018. Kampuni ya Uingereza, Retro Games, ilitoa nakala ndogo ya Commodore 64. Ilipata haki ya kutumia programu za msingi za tarakilishi ile lakini si jina. Bidhaa ilitoka madukani ikiitwa THEC64, neno moja lililobandikwa pale ambapo macho ya mnunuzi yalitarajia kuona Commodore. Umbo lilikuwa lile lile, rangi ile ile ya hudhurungi, michezo ile ile. Kila mnunuzi alijua ni nini, na hakuna popote palipoandikwa. Mwanaisimu angependa kukaa na mfano huu kwa muda mrefu zaidi: rununu ya mwaka 2015 ilikuwa kiashiria bila kiashiriwa, na hiki kilikuwa kiashiriwa kilichonyimwa kiashiria chake, kikaeleweka hata hivyo.

Upande wa Amiga haukuwa na wepesi huo. Mwaka 2001 waliokuwa na jina walikubaliana na kampuni ya Ubelgiji, Hyperion, iunde toleo jipya la mfumo wake wa uendeshaji. Mwaka 2007 walifikishana mahakamani, wakapatana Septemba 2009, na miaka michache baadaye mabishano mengine yakazuka kati ya Hyperion na warithi wapya. Wateja wanaogombaniwa ni wachache, na wengi wao wanawajua mawakili wa kila upande kwa majina.

Mwaka 2025 historia ya Commodore ilichukua njia nyingine. Christian Simpson, mkereketwa wa tarakilishi za kale anayeishi Marekani, aliwaendea wamiliki wa Uholanzi kutafuta leseni tu, akaambiwa anaweza kuinunua kampuni yote. Yeye na wenzake waliinunua pamoja na alama zake 47, kwa bei iliyotajwa kuwa ya tarakimu saba, mbali sana na yuro milioni 22 za enzi ya Yeahronimo. Waliwaita baadhi ya wahandisi wa awali wawe washauri, akiwamo Albert Charpentier aliyeshiriki kuibuni Commodore 64, na Bil Herd aliyeongoza kubuniwa kwa Commodore 128. Bidhaa yao ya kwanza, Commodore 64 Ultimate, ilitangazwa Julai mwaka huo.

Kuita wazee washauri si takwa la sheria yoyote. Msajili wa alama haulizi ni nani aliyekuwapo wakati wa kuzaliwa. Hata hivyo hatua hiyo inafanana na namna ukoo unavyotoa jina: mtoto hapewi jina la babu pasipo mtu aliyemjua babu kuwapo. Wanunuzi waliisoma hivyo, na wengi waliagiza kifaa kabla hakijaundwa, jambo ambalo hawakulifanyia rununu ya mwaka 2015.

Mzozo wenyewe haukuisha kwa ununuzi huo. Kampuni ya Italia iitwayo Commodore Industries imekuwa ikidai haki ya kulitumia jina hilo hilo, ikihoji uhalali wa usajili wa upande wa Uholanzi. Hoja inayoweza kuamua shauri kama hilo ni ile ile ya miaka 5: kama jina lilitumika kwa bidhaa zilizoorodheshwa, na nani alilitumia. Katika kulijibu, hati za mauzo, ankara na matangazo ndizo zitakazosomwa. Majarida ya wakereketwa, yaliyoliandika jina hilo kila mwezi kwa zaidi ya miaka 30, hayamo katika orodha ya vielelezo vinavyohesabiwa kuwa matumizi.